Kabla ya kwenda Fort Snelling: mambo ya kuzingatia kwenye bonde la mito miwili

Kabla ya kupakia chakula na watoto kwenye gari kuelekea Fort Snelling, angalia kwanza mto umefika wapi. Hifadhi hii ya jimbo la Minnesota iko bondeni, pale mto Minnesota unapoingia kwenye Mississippi, kati ya Minneapolis na St. Paul. Barabara ya kuingilia, maegesho, vyoo, meza za kulia chakula, ziwa Snelling na kisiwa cha Pike, vyote viko kwenye ardhi ya chini ambayo mto huifunika ukijaa. Theluji ikiyeyuka mwezi Machi na Aprili, au mvua kubwa zikinyesha kusini mwa jimbo mwanzoni mwa kiangazi, maji hupanda polepole na lango hufungwa. Mwaka 2019 lilifungwa kwa miezi kadhaa. Juni 2024 mafuriko yaliifunga tena. Huenda mjini jua linawaka na hakujanyesha wiki nzima, lakini mto unaleta maji yaliyonyesha mbali, kwenye mashamba ya mahindi na soya, na yanachukua siku kadhaa kufika. Kwa hiyo usitazame mbingu ya nyumbani kwako ukadhani umejua hali ya huko. Fungua ukurasa wa hifadhi wa idara ya maliasili ya Minnesota asubuhi hiyohiyo ya safari, usome tangazo la juu kabisa. Dakika moja tu.

Maji yakishapungua na lango likafunguliwa, bado kuna tope. Ni tope laini la kijivu, jepesi kama unga wa udongo, ambalo likiwa bichi linateleza kuliko barafu na likikauka linapasuka vipande na kuinuka vumbi. Tazama mashina ya miti pembeni ya njia: kila shina lina mstari ambapo gome la chini limepauka kwa matope na la juu limebaki na rangi yake. Huo mstari ndio urefu wa mto ulipofika mara ya mwisho. Kwenye baadhi ya sehemu unampita mtu mzima kichwa. Waonyeshe watoto, kwa sababu hakuna kibao kinachoeleza bonde hili vizuri zaidi. Vaeni viatu vya zamani, na jozi ya pili ibaki kwenye gari.

Jina moja, mahali pengi

Jambo la pili ni anwani, na hapa wengi wetu hupotea. Fort Snelling ni jina la ngome ya kihistoria iliyo juu kwenye ukingo wa mwamba, inayosimamiwa na chama cha historia cha Minnesota na yenye tiketi zake. Ni jina la makaburi ya kitaifa ya wanajeshi. Ni jina la stesheni ya treni ya mjini ya Blue Line. Na kwa sisi wahamiaji, mtu akisema "nina tarehe Fort Snelling" mara nyingi anamaanisha mahakama ya uhamiaji iliyomo ndani ya jengo la serikali kuu lenye jina la askofu Henry Whipple. Hifadhi yenyewe haiko kwenye hata kimojawapo cha hivyo. Lango lake linaingiwa kwa barabara ya Post Road, ukitoka barabara kuu namba 5, karibu na uwanja wa ndege. Kwenye ramani ya simu andika jina kamili la hifadhi ya jimbo. Ukiandika Fort Snelling peke yake unaweza kujikuta kwenye maegesho ya mahakama huku mama mkwe aliyekuja kukutembelea ameshika sufuria ya pilau.

Malipo ni ya gari, si ya vichwa. Kuna kibali cha siku moja na cha mwaka, na hicho cha mwaka kinafungua hifadhi zote za jimbo, kwa hiyo familia inayopenda kutoka itarudisha gharama yake haraka. Anayeingia kwa miguu au kwa baiskeli halipi. Kuna siku chache kila mwaka ambazo hakuna malipo, na maktaba kadhaa za jimbo huazimisha vibali vya hifadhi kama zinavyoazimisha vitabu. Ulizia kwenye maktaba ya mtaani kwako. Hakuna kulala humo: ni hifadhi ya kushinda mchana na kurudi nyumbani.

Kama utachoma nyama, nenda na mkaa wa dukani na utumie majiko yaliyowekwa. Usibebe kuni kutoka nyumbani. Kuna mende mdogo wa kijani kutoka Asia ambaye mabuu yake yanakula njia ya maji na chakula chini ya gome la miti ya jamii ya ash, na miti hufa kwa miaka michache. Aligunduliwa St. Paul mwaka 2009, na anasafiri mbali kwa kubebwa ndani ya kuni. Ndiyo maana sheria ya kuni kwenye ardhi ya jimbo ni kali.

Na jiandae kwa kelele. Ndege za uwanja wa kimataifa zinapita juu ya kichwa chako, chini kiasi cha kusoma maandishi ubavuni. Mtoto mdogo anaweza kushtuka mara ya kwanza. Ndege arukaye kwa mbawa hajali: tai mwenye kichwa cheupe hukaa juu ya mpopla mkavu huku Boeing inapita, wala hageuki.

Bonde lilivyopatikana

Ukitaka watoto waelewe wanachokiona, wasimulie kabla ya kufika kwamba mto Minnesota ni mdogo mno kwa bonde lake. Bonde lina upana wa kilomita kadhaa na kuta ndefu, na mto unajikunja katikati yake. Sababu ni kwamba bonde halikuchimbwa na mto huu. Mwisho wa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, barafu ilipokuwa ikirudi nyuma kuelekea Kanada, maji yake yalikusanyika kuwa ziwa kubwa sana ambalo wanajiolojia wanaliita Agassiz. Ziwa hilo lilipopata pa kumwagikia upande wa kusini, maji yalishuka kwa nguvu za ajabu na kuchimba njia hii. Mto ule wa kale uliitwa Warren na wataalamu. Umekwisha, kitanda chake kimebaki.

Maporomoko makubwa yalikuwepo karibu na mahali ambapo St. Paul ya leo imejengwa. Mwamba wa hapa una tabaka gumu la chokaa juu na mawe laini ya mchanga chini yake. Maji yalikuwa yakiula mchanga, chokaa inabaki ikining'inia bila egemeo, kisha inavunjika na kuanguka, na maporomoko yanasogea nyuma hatua moja. Yalipofika kwenye makutano ya mito, tawi moja likaendelea kupanda Mississippi hadi katikati ya Minneapolis, ambako leo ni maporomoko ya St. Anthony, yale yaliyoendesha vinu vya ngano na kuujenga mji. Ukisimama kwenye kisiwa cha Pike na kutazama juu upande wa ngome, unaona matabaka hayo mawili waziwazi kwenye ukingo, na ngome yenyewe imejengwa kwa chokaa ileile.

Ncha ya kisiwa cha Pike ndiyo ninayompeleka kila mgeni. Kuzunguka kisiwa kwa miguu kunachukua takriban saa mbili ukiwa na wazee au watoto, njia ni tambarare, na hakuna maji ya kunywa njiani, kwa hiyo beba ya kwenu. Mwisho wa kisiwa, mito miwili inakutana mbele yako. Minnesota unakuja na rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa mashamba na wa kingo zinazomomonyoka. Mississippi unakuja na maji meusi zaidi, ya misitu na vinamasi vya kaskazini. Siku ambayo hakuna upepo unaona mshono kati yao, ukinyooka kwenda chini kwa muda kabla haujapotea. Yale maji yataenda mpaka Ghuba ya Meksiko.

Miti ya bondeni ni ile inayovumilia kusimama ndani ya maji kwa wiki nyingi: mimepo ya fedha, mipopla mikubwa inayomwaga pamba nyeupe mwezi Juni, mierebi. Utaona kulungu, mabata mzinga wa mwitu, korongo waliosimama kwenye maji ya kina kifupi, kobe wa majini wakiota jua juu ya magogo, na mashina yaliyotafunwa na biva. Nenda asubuhi mapema au jioni.

Ardhi hii ilivyotumika

Hili ndilo jambo ninaloomba usiliruke. Watu wengi huenda Fort Snelling kama wanavyokwenda uwanja wowote wa kuchomea nyama, na kule mbele ya kituo cha wageni wanapita kando ya mnara wa kumbukumbu bila kujua ni wa nini. Mtoto akiuliza pale papo hapo, ni vigumu kumjibu vizuri huku unatafuta kiberiti. Soma na mzungumze nyumbani.

Kwa Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, makutano haya ni Bdote, na kwa wengi wao, hasa tawi lao la Wabdewakantunwan, hapa ndipo watu wao walipoanzia. Kisiwa kilikuwa na jina lao, Wita Tanka, kabla ya kuitwa kwa jina la Zebulon Pike, luteni wa jeshi la Marekani. Pike alifika Septemba 1805 na kupata sahihi za viongozi wawili tu wa Kidakota kwenye mkataba wa kuiachia Marekani takriban ekari 100,000. Mwenyewe alikadiria ardhi ile kuwa ya dola 200,000. Seneti ilipoupitisha mwaka 1808 iliandika dola 2,000. Wanajeshi walianza kujenga ngome mwaka 1820 chini ya kanali Josiah Snelling, na mwaka 1825 ikapewa jina lake.

Ndani ya ngome hiyo waliishi watumwa Waafrika. Sheria ya mwaka 1820 ilikuwa imepiga marufuku utumwa kwenye eneo hili, lakini maafisa wa jeshi walikuja nao hata hivyo. Mmoja alikuwa Dred Scott, aliyeletwa mwaka 1836 na daktari wa jeshi John Emerson. Hapa alimwoa Harriet Robinson, naye alikuwa mtumwa wa Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa mambo ya Wadakota, na ni Taliaferro huyohuyo aliyewafungisha ndoa. Binti yao Eliza alizaliwa ndani ya meli ya mvuke kwenye mto Mississippi. Miaka mingi baadaye, wakiwa St. Louis, Dred na Harriet walikwenda mahakamani mwaka 1846 kudai uhuru wao kwa hoja kwamba walikuwa wameishi kwenye ardhi isiyo na utumwa, yaani hapa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 6 Machi 1857 majaji saba kati ya tisa waliwakatalia. Jaji mkuu Roger Taney aliandika kwamba watu wa asili ya Afrika hawawezi kuwa raia wa nchi hii. Hukumu ile ilizidi kuisukuma nchi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na marekebisho ya 14 ya katiba, ya mwaka 1868, yaliifuta kwa kuandika kwamba aliyezaliwa hapa ni raia wa hapa. Watoto wetu waliozaliwa hospitali za Minneapolis na St. Paul ni raia kwa maneno hayo. Waambie kwamba Dred na Harriet waliishi juu ya ukingo ule pale.

Kisha kuna majira ya baridi ya 1862. Wadakota walikuwa wameachiwa ukanda mwembamba wa ardhi kando ya mto Minnesota kwa mikataba ya 1851, malipo waliyoahidiwa yalichelewa, mavuno yalikuwa yameharibika na chakula kilikuwa kimefungiwa kwenye maghala. Agosti 1862 vita vikalipuka. Mamia ya walowezi waliuawa katika wiki chache, na Wadakota nao waliuawa. Walioshindwa walihukumiwa na tume ya kijeshi, baadhi kwa kesi za dakika chache. Watu 303 walihukumiwa kifo. Rais Lincoln alipitia majalada, na tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, idadi kubwa kuliko zote za kunyongwa siku moja katika historia ya Marekani. Askofu Whipple, yule ambaye jina lake liko kwenye jengo la mahakama ya uhamiaji, alikuwa miongoni mwa wachache waliomwendea Lincoln kuwatetea Wadakota.

Lakini kabla ya hapo, mwezi Novemba, Wadakota wapatao 1,600 ambao hawakuwa wapiganaji, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walikuwa wameshaswagwa kwa miguu hadi Fort Snelling, wakishambuliwa na watu wa miji waliyopitia. Waliwekwa ndani ya uzio wa mbao hapa bondeni, chini ya ngome. Fikiria ardhi hii uliyoiona ina tope na unyevu, kisha iwe Januari ya Minnesota, na watu wako kwenye mahema. Surua iliingia. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 130 na 300. Mei 1863 waliosalia walipakiwa kwenye meli za mvuke na kupelekwa Crow Creek, kwenye nchi kame mbali na kwao, ambako wengine wengi walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilifuta mikataba yao na kuwafukuza Minnesota.

Mnara wa kumbukumbu uliwekwa mwaka 1987. Mara nyingi utakuta vitambaa vidogo vya rangi vimefungwa, au tumbaku imeachwa chini. Usiviguse, wala usiviondoe ukidhani ni takataka. Vimeachwa na watu wanaoomboleza ndugu zao, na wazao wa waliofungwa pale bado wako, wengine ni majirani zetu. Ukikuta watu wapo kwenye sala, pitia mbali, zima muziki, na usipige picha. Mpira wa watoto upelekwe upande wa ziwa. Sisi tunajua heshima ya makaburi, na hapa hatuhitaji kufundishwa heshima nyingine.

Jeshi liliiacha ngome mwaka 1946. Barabara kuu ilipotaka kupita juu ya mnara wa mviringo wa ngome miaka ya 1950, wakazi walipinga. Mwaka 1960 ngome ikatangazwa alama ya kitaifa ya kihistoria, na mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960 bonde likawa hifadhi.

Samaki, baridi na kupe

Wapenda kambare watafurahi. Mkazi wa Minnesota anaweza kuvua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi nyingi za jimbo bila leseni, pamoja na hii, lakini asiye mkazi, kwa mfano mzazi aliyekuja kutembea, leseni inamhusu. Viwango vya ukubwa na idadi ya samaki bado vinakuhusu. Kabla ya kupeleka samaki jikoni soma mwongozo wa wizara ya afya ya jimbo kuhusu samaki wa mto huo, maana kuna zebaki na kemikali nyingine, na mwongozo ni mkali zaidi kwa wajawazito na watoto. Usiogelee mtoni. Juu panaonekana pametulia, chini kuna mkondo na magogo yaliyozama.

Majira ya baridi hifadhi ni nzuri na haina watu wengi. Vaa tabaka tatu, funika masikio, na kama mgeni wako ametoka Mombasa wiki hii, anza na nusu saa tu. Barafu ya ziwani inahitaji unene wa inchi 4, kama sentimita 10, kubeba mtu anayetembea. Ipimwe kwa kutobolewa, isikadiriwe kwa macho. Barafu ya mtoni usiikanyage kabisa, kwa sababu maji yanayotembea chini yake huila pasipoonekana.

Kiangazi, mbu wa bondeni ni wengi na wanauma hata mchana. Hawaleti malaria huku, ila dawa ya kujipaka ni lazima. Epuka mmea wa majani matatu matatu ambao vibao huuandika poison ivy. Ukiugusa ngozi itawasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Osha kwa sabuni mara moja.

Kupe ni hatari zaidi kuliko vyote hivi. Kupe mdogo wa kulungu, mwingine si mkubwa kuliko mbegu ya ufuta, anaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, tembea katikati ya njia. Jioni kagua mwili wote wa kila mtoto: nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kwapani, nyuma ya magoti, kinena. Akina mama wanaosuka watoto, pitisheni vidole kati ya mistari. Ukimkuta, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Anahitaji kawaida zaidi ya siku nzima akiwa amejishikiza ili aambukize, kwa hiyo ukaguzi wa siku hiyohiyo ni kinga kubwa.

Homa, uchovu au duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi vinaweza kutokea baada ya siku 3 hadi 30. Mwambie daktari kwamba mlikwenda porini, na tarehe. Kama mwenye homa ni mgeni aliyetoka nyumbani hivi karibuni, mtaje pia alikotoka, apimwe malaria siku hiyohiyo. Madaktari wa huku hufikiria Lyme haraka na malaria polepole, na malaria haisubiri.